Hukusema Umefunga Mlango

Kuna watu ukiwapa kiti siku mbili, siku ya tatu wanaamini walizaliwa wamekikalia. Mtahini alikuwa mmoja wao, na kiti chenyewe wala hakikuwa cha kujivunia: cha mbao, mguu mmoja umefungwa waya, kimewekwa kichwani mwa meza katika karakana ya shemeji yake, fundi wa meno ya bandia. Kila Jumamosi baada ya chakula cha mchana, kwa miaka tisa, Mtahini aliketi pale na kuwatisha watu watatu waliokuwa wema kuliko yeye.

Mchezo wao ni wa kusimuliana. Mmoja ndiye Msimulizi: anajenga kasri kwa mdomo, analijaza giza, mizuka na wanyonya damu. Wengine kila mtu ana mhusika wake, ambaye nguvu na udhaifu wake vimeandikwa kwenye karatasi, na anasema mhusika huyo anafanya nini. Pakitokea shaka, dadu la pande ishirini linaamua. Hakuna mshindi wala zawadi. Watu wazima wenye kazi zao wanakaa saa nne nzima wakisema "nauvunja mlango", na hakuna hata bawaba inayolegea. Mtahini mwenyewe angekueleza hivyo, mdomo umempinda, halafu akukataze kugusa dadu lake.

Siku za kazi alitahini madereva. Alikaa kiti cha abiria na ubao wake wa kubania karatasi, hakuinua sauti, hakumsalimia mtu mara mbili, na aliwafelisha watu kwa raha ambayo wengine huipata wakikunwa mgongo. "Hukutazama kioo cha pembeni." "Nilitazama, mzee." "Mimi sikuona shingo ikigeuka." Kwake jambo lisiloonekana halikuwepo. Shemeji yake mwenyewe alimfelisha mara mbili, mara ya pili kwa kosa la kuvuta breki ya mkono polepole mno, na ndiyo maana Fundi Meno, mtu mzima wa miaka arobaini na mitatu, mpaka leo anawapelekea wateja meno yao kwa baiskeli.

Desturi hiyo aliihamishia mezani, akaipa jina la sheria. Usiposema, hukufanya. Ukisema unashuka kwenye pango la makaburi bila kutaja taa, umeshuka gizani. Ukilala bila kusema umevua viatu, kesho yake unachechemea. Mwalimu, bibi wa hesabu aliyestaafu, alipata kufa maji kwa sababu alisema anapiga mbizi lakini hakusema anaibuka. Wenzake walicheka siku ile, na Mwalimu naye alicheka, kwa kuwa mhusika wake alikuwa na wiki mbili tu na hakuwa amemzoea.

Bi Kandili ilikuwa habari nyingine. Huyo alikuwa mhusika wa dada yake Mtahini, mke wa Fundi Meno, mwanamke anayeshona mapazia ya mahoteli na mashule. Bi Kandili alikuwa mlinzi wa taa, mtu wa makamo, ana rungu na kikohozi kisichopona, na dada mtu alimcheza kwa miaka sita bila kumwacha hata Jumamosi moja. Mwezi mmoja uliopita, katika kisa ambacho Mtahini alikipa jina refu lenye mwezi na damu ndani yake, Bi Kandili alitoka mbio kwenye kaburi lenye maiti inayotembea. "Natoka, napanda ngazi, nawafuata wenzangu," alisema dada yake. Mtahini akamwacha apande. Akawaacha wote watatu wapumzike, wale mkate wao wa njiani, wataniane. Kisha akafunga daftari.

"Mlango wa kaburi," alisema.

"Mlango umefanya nini?"

"Hukusema umefunga mlango."

Dada yake alimkazia macho. "Kaka, nani anaacha wazi mlango wa kaburi lenye maiti inayomkimbiza?"

"Wewe. Sikukusikia ukisema."

Maiti ilipanda ngazi, dadu likaviringishwa mara tatu, na Bi Kandili akafa. Dada mtu hakubishana. Aliikunja karatasi ya miaka sita mara nne, akaitia kwenye mkoba wake wa nyuzi, akavuka ua kwenda nyumbani kwake huku anajifuta macho kwa kiganja. Jumamosi tatu hakuonekana mezani. Mtahini alizipita Jumamosi hizo akiwa amevimba kichwa. "Umeona alivyolia?" alimwambia Fundi Meno, mumewe huyohuyo, bila haya. "Hiyo ndiyo hofu, Shemeji. Wengine wanaandika visa mtu anapiga miayo."

Siku dada mtu aliporudi, Mwalimu ndiye aliyetoa hoja. Fundi Meno aongoze kisa kimoja. Kikiharibika, Mtahini arudi kwenye nafasi yake na asiwepo wa kulalamika tena. Kikienda vizuri, Fundi Meno aendelee kuwa Msimulizi. Mtahini alicheka mpaka akakohoa. Shemeji yake, ambaye humwomba radhi mgonjwa kabla ya kumpima taya! Ndiye aje kutisha watu!

Ila usiku ule hakulala vizuri, na wiki ile alifelisha watu kumi na wanne.

Jumamosi ilipofika alitangulia wote, karatasi mpya mfukoni. Mhusika wake alimwita Mkaguzi, mwindaji wa wanyonya damu, mtu asiye na mke, ndugu wala mzaha. Hakuja kucheza. Alikuja kukibomoa kile kisa tofali moja moja, ili jua likiinama awe amerudishiwa kiti chake. Hilo tu ndilo alilolitaka duniani, ingawa ungemuuliza angekujibu kwamba anatetea ubora.

Na kwa mazoea, au kwa ukaidi, alikwenda moja kwa moja kichwani mwa meza akakikalia. Kiti kilikuwa na mto wa kijani. Dada yake alimshonea mwaka wao wa kwanza, kutokana na mabaki ya pazia la hoteli, na uzi wa kijani ulipomwishia njiani akamalizia pembeni kwa uzi mwekundu. Mtahini alikuwa ameukalia miaka tisa na sidhani kama aliwahi kuutazama.

Fundi Meno alisimama na daftari kifuani. Akamtazama mkewe, mkewe akatazama dirishani. Basi akavuta stuli ndefu ya kwenye mashine ya kusugulia meno, akapanda hapo pembeni, miguu ikining'inia. Nyuma ya kisogo chake zilipangwa rafu tatu za taya za plasta, kila moja na kikaratasi cha mwenye nayo, zote zimeachama. Mwalimu aliingia wa mwisho na biskuti zake, na mlango wa karakana, ambao ulitiwa springi ili vumbi la plasta lisitoke nje, ukajifunga nyuma yake kwa kishindo.

"Mnatembea kwenye ukungu," Fundi Meno alianza, sauti inamtetemeka. "Ukungu mzito—"

"Ukungu," alirudia Mtahini. "Bila shaka. Na radi iko wapi?"

"Radi inakuja ukurasa wa pili."

"Popo?"

"Wapo, Shemeji."

"Nilijua tu. Endelea, usitufiche popo."

Na tuseme kweli, kisa kilikuwa kibovu. Kasri lilikuwa juu ya mlima, maana makasri ya namna hiyo hayajui kujengwa bondeni. Lango lilijifungua lenyewe likilia. Mjane mwenye mshumaa akawapokea, uso mweupe kama plasta, akawapitisha kwenye ukumbi wenye picha za wahenga ambao macho yao yaliwafuata. Sijui kwa nini wahenga wa makasri hawana kazi nyingine. Miaka yote watu wanayaandika majumba haya, buibui kila pembe, na hakuna hata mwandishi mmoja aliyewahi kumwajiri mtu wa kufagia.

Mtahini alifanya karamu humo. Aliuliza mjane ananunua wapi mishumaa. Aliuliza farasi wanakula nini juu ya jiwe tupu. Alipoambiwa madirishani kuna mapazia ya mahameli alijipiga paja. "Mahameli! Kwenye ukungu wa mwaka mzima! Yangekwisha kuoza."

"Yana bitana," alisema dada yake bila kuinua kichwa. "Yakiwa na bitana hayashiki unyevu."

Siku hiyo yeye alimcheza mjukuu wa Bi Kandili, msichana aliyebeba taa ya nyanya yake. Alisema machache na alitembea mle kasrini bila kusitasita, kama mtu anayeijua njia. Mwalimu alimcheza mwizi wake wa siku zote, Vidole Tisa, na kwa dakika kumi za kwanza alikuwa ameshaiba vijiko sita na kengele ya mezani.

"Haya, mnyonya damu yuko wapi?" aliuliza Mtahini. "Tumalize."

"Hakuna mnyonya damu." Fundi Meno alitabasamu kwa mara ya kwanza. "Mimi na chonge tunaonana wiki nzima, Shemeji. Jumamosi napumzika."

Mwalimu alicheka puani, makombo ya biskuti yakaruka mezani. Mtahini hakupenda kicheko kile. Kilikuwa cha mtu aliyestarehe, na mezani kwake hakuna aliyewahi kustarehe.

"Nashuka kwenye pango la makaburi," alisema kwa ukali.

"Sawa. Unashuka ngazi, taa mkononi—"

"Sikusema taa."

Fundi Meno aliduwaa. "Lakini nani anashuka gizani bila taa? Najua ungeichukua."

"Hujui chochote. Usiposema, hukufanya. Au kwako sheria zimeenda likizo?"

"Nilikuwa sitaki kuitumia ile sheria, Shemeji. Nilifikiri kila mtu apewe yale ambayo mtu mwenye akili timamu angeyafanya."

"Ndiyo hayo sasa!" Mtahini alipiga meza, taya mbili tatu zikagongana kwenye rafu. "Meza isiyo na sheria ni kijiwe cha umbea. Mimi naitaka. Ifuatwe kwangu na kwa kila mtu, tangu sasa mpaka kisa kinakwisha. Iandike kwenye daftari lako, tuone."

Fundi Meno alimtazama tena mkewe. Mkewe akaitikia kwa kichwa, taratibu. Basi akaandika, kwa mwandiko wake mdogo ule anaoandikia vikaratasi vya taya, na Mkaguzi akashuka gizani bila taa, akajigonga paji la uso, akapoteza nguvu mbili. Mtahini alifurahi kuliko mtu aliyeokota pochi.

Chini kulikuwa na jeneza. Alilifungua kwa kupapasa na kulikuta tupu. Kitambaa cha ndani hakikuwa na hata kunyanzi moja. Hakuna aliyewahi kulilalia. Aliporudi juu, mjane aliwaketisha na kuwasimulia balaa la nyumba ile.

Bwana wa kasri, alisema mjane kwa kinywa cha Fundi Meno, alikufa miaka tisa iliyopita akiwa amekaa mezani, na hajasimama. Macho hayamwoni lakini sauti yake wanaisikia. Hakuna anayekula mpaka aseme. Anayesogeza chumvi bila kutangaza, sahani yake inapasuka. Kila mmoja anaulizwa: ulisema? Mbona sikusikia ukisema? Mwezi uliopita mtoto wa kike wa nyumba ile aliondoka mezani bila kuaga, na taa yake, aliyokuwa nayo tangu utotoni, ikavunjwa vipande vipande mbele ya macho yake. Wameshajaribu chumvi, chuma, moshi na vioo. Wanaomba wageni wawasaidie.

Wewe unayesoma umeshaelewa. Mwalimu aliacha kutafuna. Lakini nyani haoni kundule, na Mtahini pale kitini alikuwa amechangamka kweli kweli, macho yanang'aa, kwa kuwa alikuwa amekipata kitendawili na hakuna kitu alichokipenda kama kutegua kitendawili cha mtu mjinga.

"Rahisi mno," alisema, akajinyoosha juu ya mto wake. "Huyu hana nguvu yoyote. Jeneza liko tupu kwa sababu hajui kwamba amekufa. Na hajui kwa sababu wanamwitikia! Bwana hivi, Bwana vile, Bwana tule? Wakiacha kumwitikia, kwisha. Shemeji, nilitegemea fumbo la maana zaidi."

"Kwa hiyo afanywe nini?" aliuliza dada yake.

"Aambiwe."

"Kwa upole?"

"Upole wa nini? Asiambiwe kwa mafumbo wala kwa kuzungukazunguka. Aambiwe usoni: muda wako umekwisha, ondoka kwenye kiti. Miaka tisa watu wazima wanaogopa kiti! Mimi hata simlaumu mzuka. Nawalaumu wao. Wangekuwa na uti wa mgongo angeshaondoka mwaka wa kwanza."

"Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe," alinong'ona Mwalimu, na haikueleweka kama anayesema ni yeye au Vidole Tisa.

"Je, akilia?" aliuliza dada yake.

"Mizuka hailii."

"Na akitoka pale ataenda wapi?"

"Hiyo si kazi yetu, mdogo wangu. Sisi tumeitwa kusafisha nyumba." Mtahini akakohoa, akaweka viganja vyote viwili mezani. "Msimulizi, Mkaguzi anaingia ukumbi wa chakula. Anaenda mpaka kwenye kile kiti. Anamwambia yeye mwenyewe, kama wenye nyumba wameshindwa."

"Kabla hajafungua mdomo," alisema Fundi Meno, "anakiona kiti." Daftari alikuwa amelifunga. Sauti yake haikutetemeka tena. "Ni cha mbao. Mguu mmoja umefungwa waya. Juu yake pana mto wa kijani. Pembeni umeshonwa kwa uzi mwekundu, kwa sababu wa kijani ulikwisha."

Mtahini aliondoa viganja mezani. Chini yake mto ulikuwa wa moto. Hakuhitaji kuutazama, ila aliutazama: alijiinua kidogo, akavuta ncha yake, akauona uzi mwekundu, mishono midogomidogo iliyosawazishwa na mtu aliyekuwa na subira naye. Akaketi tena. Masikio yalimwaka. Mkuki kwa nguruwe, na yeye mwenyewe ndiye aliyeunoa, tena kwa madaha, mbele ya watu.

"Nani ameandika hiki kisa?" aliuliza.

"Mimi," alisema dada yake. "Shemeji yako aliongeza popo tu."

Fundi Meno alijitazama magoti.

"Uliwaambia watu nililia kwa hofu," aliendelea dada yake. "Sikulia kwa hofu, Kaka. Nililia kwa uchungu. Bi Kandili nilimwanza mwaka ule Mama alipoanza kusahau majina yetu. Wiki nzima nilikuwa namwogesha, namlisha, ananitukana, na sikuwa nakulaumu, una kazi. Jumamosi nilikuwa na saa nne za kuwa mwanamke mwenye rungu. Mama alipoondoka, Bi Kandili alibaki. Wewe ukamwua kwa sababu ya mlango. Na mlango ule niliufunga. Moyoni mwangu niliufunga, nikasikia mpaka komeo."

Mtahini alipapasa ncha ya mto.

"Na usifikiri unatutisha. Makasri yako yanachosha kuliko hili. Tunachoogopa ni wewe. Mwalimu anaandika nyumbani kwake orodha ya mambo ya kusema ili usimkamate. Ana miaka sabini na moja!"

"Sabini na miwili," alisema Mwalimu.

Hasira ilimpanda Mtahini, akaishika kwa mikono miwili kwa kuwa ndiyo pekee iliyokuwa karibu. "Kwa hiyo mnanifukuza kwa mafumbo."

"Mafumbo umeyakataza wewe, hata dakika tano hazijapita," alisema Mwalimu.

"Basi semeni! Niambieni wazi: toka. Semeni!"

Akangoja, vile anavyongoja kwenye gari mtu aanze kurudi nyuma. Hakuna aliyesema. Dada yake alikuwa anauma mdomo. Mwalimu aliufunga mfuko wa biskuti, akaufungua. Fundi Meno aliyefelishwa mara mbili alikuwa na macho mekundu. Wasiposema, hawakufanya; kwa sheria yake mwenyewe angeweza kubaki pale mpaka waya wa mguu ukatike. Hapo ndipo alipoelewa, kwa kuchelewa sana, kwamba wale wa kasrini hawakunyamaza miaka tisa kwa woga peke yake. Nani anataka kumwambia ndugu yake kwamba amekufa? Dharau yote aliyokuja nayo ilimgeuka, ikamtazama usoni, naye hakuweza kuitazama.

Fundi Meno alishusha pumzi. Akauliza swali ambalo Msimulizi huuliza, lile lile ambalo Mtahini amewauliza wenzake mara elfu kwa sauti ya kutega: "Mkaguzi yuko ukumbini. Kiti kiko mbele yake. Unafanya nini, Shemeji?" Ila yeye aliuliza kama mtu anayetaka kujua.

"Nasimama," alisema Mtahini.

Akasimama. Kiti kililia kwa mguu wake mbovu.

"Mto nauacha. Nazunguka meza." Alipita nyuma ya dada yake, karibu amguse bega, hakumgusa. "Nafika mlangoni. Nashika kitasa. Nafungua." Akafungua. "Natoka."

Akatoka, na springi ikaupiga mlango nyuma yake kwa kishindo.

Nje jua lilikuwa bado kali. Baiskeli ya Fundi Meno iliegemea ukuta, kwenye kikapu chake boksi la meno ya mtu likingoja kupelekwa. Barabarani gari la mafunzo lilirudi nyuma likakanyaga ukingo, na dereva, mwanamke mzima mwenye miwani, hakugusa kioo wala indiketa. Alimwona Mtahini akamtambua, mikono ikaganda kwenye usukani. Mtahini alimpungia mkono aendelee. Kisha alisimama pale kwenye kizingiti na hakujua aende wapi. Aliona aibu, aibu ya kitoto, ya kutamani mtu amwite. Nyumbani kwake kulikuwa na daftari la visa na dadu moja.

Kutoka dirisha dogo la juu, lile la kutolea vumbi, alisikia watu wakinong'onezana. Stuli ikaburutwa. Kisha sauti ya dada yake, juu kabisa, ya mtu anayejitahidi isitetemeke:

"Kaka!"

Mtahini aliinua uso kuelekea dirishani.

"Kaka, hukusema umefunga mlango."

Mtahini aligeuka akautazama mlango. Ulikuwa umefungwa imara, hata wembe usingepita. Lakini sheria ilikuwa kwenye daftari, kwa mwandiko wa vikaratasi vya taya, aliyeiagiza ni yeye: kwake na kwa kila mtu, mpaka kisa kinakwisha. Na kisa kilikuwa hakijaisha; asiposema, hakufunga.

"Nageuka," alisema.

"Kwa sauti!" Mwalimu alipiga kelele kutoka ndani. "Huku hatujasikia kitu!"

"Nageuka!" Mtahini alijifuta uso kwa kiganja. "Naingia. Kiti sikitaki, nitakaa kwenye mfuko wa plasta. Na taa," alisema, "safari hii nimebeba taa."